Wino wa maji unapogoma: dalili, sababu na tiba kwa wachapaji wa fulana na mifuko

Kazi ikiharibika, wa kwanza kulaumiwa huwa pigmenti, yaani kiini cha rangi: "rangi za siku hizi feki." Mara nyingi inasingiziwa. Kwa wino wa maji unaokorogwa karakanani kwa ajili ya skrini (fremu yenye meshi, wavu ambao wino hupitia), matatizo mengi hutokana na mambo matatu ambayo hayamo kabisa kwenye kopo la pigmenti: maji yenyewe, pH (kipimo cha asidi na alikali) na moto. Kwa hiyo chini ya kila dalili nimepanga sababu kuanzia ile inayokutwa sana hadi ya nadra, na ukaguzi usiogharimu kitu umetangulia. Usiruke hatua. Anayeanza na tiba kubwa humaliza dawa zote za dukani kabla hajagundua kwamba ndoo ililala wazi.

Ili tuelewane, besi isiyo na rangi ninayoizungumzia hapa, kwa kilo moja, ni hii: maji laini gramu 680, binda ya akriliki (gundi inayoshikisha rangi kwenye nguo) 240, thikena ya akriliki (ya kuongeza uzito wa wino) 25, yurea 25, gliserini 17, amonia ya asilimia 25 gramu 8, dawa ya kuzuia povu 3, kihifadhi 2. Hapo unaongeza pigmenti iliyosagwa, gramu 20 kwa rangi hafifu hadi 80 kwa rangi iliyokolea. Yanatangulia maji na vitu vidogo vidogo, kisha amonia, kisha binda, halafu thikena kidogo kidogo huku mashine inazunguka, na pigmenti mwisho. Thikena za wauzaji tofauti zina nguvu tofauti, kwa hiyo namba ya 25 ichukulie kama pa kuanzia. Pima kwa mizani, si kwa kikombe. Na kila ndoo iwe na ukurasa wake daftarini, kwa sababu bila daftari sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo haitakusaidia.

Wino umelegea na kuwa majimaji

Jana ulikuwa mzito, leo ukivuta skwiji (mpira wa kuburutia wino) unapenya chini ya stensili (utando wenye umbo la picha kwenye skrini). Au umefuata vipimo vilevile na bado haukushika uzito tangu mwanzo. Hizi ni kesi mbili tofauti: wa kwanza umeharibika, wa pili haukuwahi kuwa mzima.

*Maji ya chumvi au maji magumu.* Ndiyo sababu kubwa kwa wino ambao haukushika uzito tangu mwanzo. Visima vingi vya Dar es Salaam na ukanda wa pwani vina chumvi, na bara kuna sehemu maji ni magumu, yale yanayokataa kutoa povu la sabuni na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika. Thikena ya akriliki ni minyororo mirefu yenye chaji hasi. Chaji hizo zinasukumana, minyororo inajinyoosha, na hapo ndipo wino unapokuwa mzito. Sodiamu, na zaidi kalisi, huua msukumano huo. Minyororo inajikunja na uzito unaporomoka.

Ukaguzi wake ni wa vikombe viwili. Kimoja weka gramu 200 za maji ya kisima chako, kingine gramu 200 za maji ya chupa. Kila kimoja tia gramu 6 za thikena na matone sawa ya amonia, kisha koroga dakika mbili. Inua kijiko. Kikombe cha maji ya chupa kitaacha kilima kinachosimama juu ya uso. Cha kisima, kama chumvi ndiyo mkosaji, kitadondoka mara moja na uso utarudi kuwa bapa. Ukiona hivyo usishindane na chumvi kwa kuongeza thikena. Utafika mara mbili ya kipimo, chapa itakuwa ngumu kwenye nguo na itafutika haraka. Badili maji. Ya mvua yanafaa, mradi uyakinge baada ya mvua ya mwanzo kuosha bati. Yanayodondoka kwenye kiyoyozi nayo ni laini sana. Ukinunua maji ya betri, hakikisha ni yale baridi. Maji makali ni asidi ya salfuriki, yatakuunguza mkono na kuukatisha wino wote.

*Amonia imeruka.* Hii ndiyo sababu kubwa kwa wino uliokuwa mzima jana. Ndoo ikikaa bila mfuniko, hasa msimu wa kaskazi, amonia huondoka yenyewe na pH inashuka. Chovya karatasi ya pH. Unataka 8.5 hadi 9. Ikisoma 7.5 au chini yake, thikena imelala. Ongeza gramu moja ya amonia kwa kila kilo, koroga dakika tano, pima tena. Ukishafika 9.5 hakuna faida ya kuendelea, utakuwa unajichoma macho bure. Kwa maoni yangu, kibunda cha karatasi za pH ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote karakanani, na ndicho kinachokosekana kuliko vyote.

*Wino umeoza.* Bakteria hula gundi za asili, wanga na selulosi, kwa hiyo wanaotumia thikena za aina hizo huumia zaidi. Dalili ni harufu ya yai bovu, vipovu vinavyopanda vyenyewe, madoa ya ukungu kwenye kingo, au mfuniko uliovimba. Hapa hakuna tiba. Kihifadhi ukikitia sasa kitaua wadudu, lakini hakitarudisha minyororo iliyokwisha kuliwa. Tupa wino, osha ndoo na mwiko, na chunguza maji yako ya akiba.

Ndoo iliyovimba ifungulie nje, uso ukiwa mbali. Kihifadhi chenyewe kishike kwa glavu: vingi ni vya kundi la isothiazolinoni, ambavyo huleta mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaanza hukaa nawe maisha. Ukitoka vipele mikononi acha kazi hiyo umwone daktari, na uende na lebo ya kopo.

Wino unakauka ndani ya skrini katikati ya kazi

Fulana za mwanzo ni safi, kisha mistari myembamba inaanza kukatika, na mwisho herufi zinakosa miguu.

Kabla ya kugusa wino, tazama jinsi unavyofanya kazi. Je, baada ya kila chapa unarudisha wino kufunika picha, au unaiacha meshi wazi unapopanga fulana inayofuata? Meshi iliyo wazi ndiyo sababu namba moja. Feni inaelekea wapi? Feni ni ya mchapaji, ila ikipuliza juu ya skrini inamkaushia wino. Umesimama kupokea simu? Basi acha wino mwingi juu ya picha. Karakana ya Dodoma au Arusha, ambako hewa ni kavu, itaumia kuliko ya Tanga. Ndiyo maana wino unaochapa vizuri pwani wakati wa masika unaweza kugoma bara bila kosa la mtu.

Kama mwenendo ni mzuri, nenda kwenye viungo. Gliserini na yurea ndizo zinazoshikilia unyevu. Ongeza gramu 10 za gliserini kwa kilo, jaribu, na ikibidi ongeza nyingine 10. Zaidi ya hapo chapa haitakauka vizuri na itaanza kutoka kwenye maji. Angalia pH pia, maana binda nyingi huanza kushikana ikishuka.

Kisha fiksa. Fiksa ni dawa ya kuunganisha binda iwe sugu, na ikishaingia kwenye wino saa zinaanza kuhesabika. Wino uliotiwa fiksa jana, hata ukifunikwa, leo si wino tena. Changanya wa kutumia siku hiyo tu, gramu 10 hadi 20 kwa kilo au kadiri lebo inavyosema, na kinachobaki usikirudishe kwenye ndoo kubwa.

Wengi hukimbilia kusema pigmenti ni ya punje kubwa. Piga hesabu: tundu la meshi ya 43T (nyuzi 43 kwa sentimita) lina takriban maikroni 150, la 77T takriban 75, na pigmenti iliyosagwa vizuri iko chini ya maikroni moja. Inapita bila kugusa ukingo. Kinachoziba ni ngozi ya wino uliokauka. Isipokuwa dhahabu, fedha na vimetameta. Hivyo vina vipande vikubwa kweli na vinataka meshi ya wazi zaidi.

Kuokoa skrini katikati ya kazi, futa chini yake kwa sponji yenye maji na amonia kidogo, nyunyiza ukungu wa maji, kisha chapa mara mbili tatu kwenye kitambaa kibovu. Usitumie thina juu ya meza ya kazi, na kamwe si karibu na kikaushio chenye moto.

Chapa inatoka ikifuliwa

Hili ndilo linalorudisha wateja kwa hasira, kwa hiyo tulichambue taratibu.

Fanya jaribio kabla mteja hajakufanyia. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kizungushe kwenye kidole, sugua chapa mara kumi kikiwa kikavu, kisha mara kumi kingine kikiwa kimelowa. Rangi ikishika kitambaa kikavu, shuku uwiano wa binda. Ikishika kile kilicholowa tu, shuku moto.

*Moto haukutosha.* Huyu ndiye mkosaji mkuu. Binda nyingi za nguo zinataka takriban nyuzi 150 za Sentigredi kwa dakika tatu hadi tano, na nyuzi hizo ni za wino wenyewe, si za hewa ya tanuri. Maji yakiwa bado yanavukizwa, joto la wino haliwezi kupanda kupita 100 au karibu na hapo, hata kama kipimo cha mashine kinasoma 180. Dakika za kukausha zisihesabiwe kama dakika za kuivisha. Elekeza kipimajoto cha mwali (kinachopima bila kugusa) juu ya chapa na anza kuhesabu kinapofika 150. Jua peke yake halitoshi, hata la saa sita mchana, linakausha, haliivishi. Hitipresi (mashine ya kubana kwa moto) inafaa, lakini usiifunge juu ya wino mbichi: kausha kwanza, weka karatasi ya kuokea, bana sekunde chache, fungua mvuke utoke, kisha bana tena.

*Pigmenti nyingi, binda chache.* Mteja anataka nyeusi ya kukolea, fundi anaongeza pigmenti bila kuongeza binda. Binda isipungue mara tatu ya uzito wa pigmenti iliyosagwa. Kwa besi ya juu, gramu 80 ndiyo mwisho. Ukitaka zaidi ongeza binda, au badili pigmenti utumie yenye nguvu zaidi.

*Kitambaa kina wanga au nta.* Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani, na amerikani ambayo haijachemshwa ina nta ya asili ya pamba. Dondosha tone la maji. Likikaa juu kama shanga zaidi ya sekunde chache, wino nao hautazama. Utakaa juu ya wanga na kuondoka nao siku ya kwanza ya kufua. Fua kitambaa kwa maji ya moto na sabuni, anika, ndipo uchape.

*Gliserini ya kupindukia, au fiksa iliyozeeka.* Fiksa huharibika koponi, hasa ikifunguliwa mara kwa mara kwenye joto. Kama lebo imepita muda wake usijipe moyo. Na hata ikiwa nzuri, mpe mteja nguo baada ya siku moja au mbili, asiifue jioni ileile.

Simama hapa: fiksa za aziridini na za isosianeti ni sumu kwa ngozi na mapafu, na zile za melamini hutoa fomaldehidi kwenye moto. Kama karakana haina feni ya kutoa hewa nje na huna karatasi ya usalama ya bidhaa, usizitumie mpaka muuzaji akupe karatasi hiyo na mtu anayeijua akueleze. Hitilafu ya tanuri lenyewe, waya unaonuka kuungua au mtungi wa gesi unaovuja, ni ya fundi umeme au fundi gesi, si ya mchapaji.

Vitundu, vipovu na macho kwenye chapa

Macho ni yale maduara madogo ambako wino umejivuta na kuacha kitambaa au karatasi wazi. Yanachanganywa na vitundu vya povu, na tiba zake zinapingana, kwa hiyo tofautisha kwanza. Chukua tone la wino, lipake kwenye kioo cha dirisha, litazame likiwa bichi. Vipovu vinavyopasuka na kuacha shimo ni hewa. Shimo linalofunguka lenyewe na kupanuka ni mafuta au silikoni.

Hewa inatokana na kukoroga kwa kasi huku panga la mashine liko juu juu. Lizamishe, punguza mwendo, acha wino upumzike usiku mmoja ukiwa umefunikwa. Povu likibaki, ongeza gramu moja ya dawa ya povu kwa kilo.

Macho ni kinyume chake: dawa ya povu imezidi, hasa ya silikoni, au kuna mafuta kwenye kitambaa, mwiko, au mikono iliyotoka kula chipsi. Dawa ikishazidi haitoki. Njia pekee ni kuuchanganya wino huo na besi mpya isiyo na dawa hiyo, moja kwa tatu.

Kama vitundu viko mahali palepale kwenye kila fulana, basi wino hauna kosa. Emulsheni, yaani dawa iliyotengeneza stensili, inayeyuka. Inulia skrini kwenye mwanga uone. Emulsheni iliyotengenezwa kwa wino wa plastisoli (wa plastiki, usio na maji) haivumilii maji. Tafuta inayostahimili maji, ianike vizuri kabla ya kuichoma kwa mwanga, na ichome tena juani baada ya kuosha. Wanaotumia dikromati kwenye emulsheni ya bei rahisi wajue kwamba ni kemikali inayosababisha saratani na vidonda vya ngozi, na maji yake hayafai kumwagwa mtaroni.

Rangi haifanani na ya juzi, au ina punje

Fungua daftari. Mara nyingi jibu liko pale: kijiko badala ya mizani, au pigmenti ya kundi jingine.

Daftari likiwa safi, fanya jaribio la kidole. Paka wino kwenye karatasi ngumu, subiri uanze kupoteza mng'ao, kisha sugua sehemu moja kwa kidole, mizunguko kumi. Pale uliposugua pakikolea kuliko pembeni, pigmenti imejikusanya vishada. Rangi unayoilipia imejificha ndani ya vishada hivyo. Sababu ni kumwaga pigmenti yote kwa mkupuo, pH ya chini, au binda na pigmenti zisizopatana. Rekebisha pH, koroga kwa nguvu nusu saa, rudia jaribio. Likigoma, yawezekana viungo havipatani. Badili muuzaji wa kimoja.

Punje za kuteleza zinazong'aa ni thikena ambayo haikufunguka. Izimue kwa maji sawa na uzito wake kabla ya kuimwaga. Chuja ulionao kwa kitambaa cha chandarua kilichokunjwa mara mbili.

Nyeupe inageuka waridi, au rangi haionekani kwenye nguo nyeusi

Besi iliyo hapo juu inapitisha mwanga. Kwenye fulana nyeusi itazama isionekane, na kuongeza pigmenti ya rangi hakusaidii. Unahitaji wino wenye titani dioksaidi, asilimia 25 hadi 30, upakwe mara mbili na kukaushwa katikati.

Nyeupe inayogeuka waridi kwenye jezi nyekundu ni jambo jingine. Rangi ya poliesta hugeuka mvuke kwenye moto na kupanda ndani ya wino, wakati mwingine siku kadhaa baada ya kazi kukabidhiwa. Punguza moto hadi takriban nyuzi 120 ukitumia fiksa inayofanya kazi kwenye joto hilo. Jaribu jezi moja, iache wiki, ndipo ukubali oda ya timu nzima.

Wino haushiki kwenye mifuko mbadala

Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, oda za mifuko zimekuwa nyingi, na wachapaji wa fulana wanaipokea kwa wino uleule. Mfuko wa karatasi ya kaki hauna shida: punguza gliserini, ongeza binda kidogo, kausha kwa hewa ya moto.

Mfuko mbadala ule unaofanana na kitambaa ni polipropilini. Maji hayaushiki, na huwezi kuuokoa kwa moto kwa sababu unayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi na kusinyaa kabla ya hapo. Kukwaruza kwa ukucha siku ya pili kutakuonyesha. Hapa usipoteze besi yako: ama nunua wino uliotengenezwa kwa polipropilini, ama mpeleke mteja kwa mwenye mashine inayofaa.

Na mfuko ukiwa wa kugusa chakula moja kwa moja, vitumbua au nyama, acha kuchanganya mwenyewe. Wino wa maji si wino wa kuliwa. Pigmenti, fiksa na kihifadhi chake vinataka kuthibitishwa na maabara, na wa kuulizwa ni mashirika ya viwango, TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya), kabla ya kuchapa mfuko wa kwanza.

Kabla ya kuosha skrini

Wengi huondoa emulsheni kwa jiki. Kwenye sinki lilelile kuna wino wenye amonia. Vikikutana vinatoa gesi ya kloramini inayoziba pumzi, na kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha inaweza kuua. Osha wino wote kwanza kwa maji mengi, sinki libaki tupu, ndipo uguse jiki. Bora zaidi tumia dawa maalumu ya kuondolea emulsheni. Ukisikia harufu kali ya ghafla, macho yakitoa machozi, usibaki kumwagia maji. Toka nje, watoe wenzako, acha mlango wazi, na anayekohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu.